Khiroda Anawafundisha Samaki Ngoma

Mwaka uliotangulia, samaki wa Khiroda walimeza watoto wao wote kwa sababu ya ngoma.

Hakuna aliyesahau pale Howrah, katika kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha magunia. Siku ya kwanza ya sikukuu ya Mama Durga, mungu wa kike wa Wahindu, watu wamevaa nguo mpya, na Khiroda, mjane mzima, amesimama mlangoni anawatukana wapiga ngoma huku akilia. Samaki wenyewe ni wale wanaoitwa malaika, wembamba kama chapati iliyosimama wima. Baba na mama wanalea pamoja, tena wanalea vizuri kuliko watu wengi. Ila wakishtuka sana, wanakula watoto wao. Ndivyo walivyo.

Mwaka huu mafundi walipoanza kufunga mianzi ya hema la sikukuu, lile linaloegemea dirisha la Khiroda kila mwaka, mwanawe Shibu alitazama tangi la kioo, akakuna kidevu.

"Mama, wakila watoto tena, tangi linatoka. Pale panakaa friji."

"Na wasipokula?"

"Watakula."

"Nimekuuliza, wasipokula?"

"Basi libaki hata milele, mama. Mimi nimeshindwa."

Khiroda akajitupia sari begani, akaenda kwa Gobordhon, muuza vitamu, ambaye ndiye mkubwa wa kamati ya sikukuu.

"Gobordhon, ngoma mwaka huu zikae kule bombani, mwisho wa kichochoro."

"Shangazi! Mama Durga anashuka mlimani na watoto wake wanne, tumpokee kwa kunong'ona kwa ajili ya samaki wako?"

"Na yeye ni mama. Ataelewa."

"Yeye ataelewa, Nitai mpiga ngoma hataelewa. Wewe wakaange na haradali, shangazi, angalau tunuse kitu kizuri."

Wanaume waliokaa pale wakacheka mpaka chai ikawapalia. Khiroda hakuomba mara ya pili, hakuumbwa hivyo. Alirudi nyumbani midomo imebana, akafungua kopo la chakula cha samaki. Kifuniko kikalia kwaa! Samaki wote wawili wakaja mbio kwenye kioo.

Akafunga kopo. Akafungua. Kwaa! Wakaja tena.

"Kumbe," akasema peke yake. "Kelele hamziogopi. Mnaogopa kelele isiyo na chakula."

Asubuhi iliyofuata akashika sufuria la wali na mwiko. Akagonga kidogo, polepole, akatia chakula. Kesho yake akagonga zaidi. Siku zilivyokwenda akawa anapiga kwelikweli, asubuhi na jioni, bangili zinaruka mkononi.

"Mama," alisema mkwewe Mitali, mke wa Shibu, vidole masikioni, "samaki watapona, sisi ndio tutakufa."

Jirani wa dirisha la pili akapaza sauti: "Khiroda! Kwako kuna harusi?"

"Ipo! Wewe hujaalikwa!"

Katikati ya zogo hilo samaki wakataga, mayai yamepangwa juu ya jani kama shanga. Khiroda akapunguza sauti kidogo, ila hakuacha. Baba na mama wakashika zamu ya kuyapepea kwa mapezi, na yai likioza wanalitoa kwa mdomo. Mayai yakaanguliwa, watoto wakaning'inia wakitikisika kama nyuzi. Wazazi wakawahamisha: wanawavuta mdomoni, wanawatema kwenye jani jingine. Kila walipomezwa hivyo, moyo wa Khiroda ulisimama. Kila walipotemwa, ukaenda tena. Mitali naye akaanza kuvuta kiti karibu na tangi. Akajifunza kuchuja vidudu vya maji ya bwawa kwa kipande cha sari kuukuu, vile vidogo kabisa vinavyoingia kinywa cha mtoto.

Watoto walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuogelea sikukuu ilipofika. Jioni Nitai akasimama chini ya dirisha, ngoma yake imevikwa manyoya meupe, akainua vijiti. Khiroda alishika ukingo wa tangi. Shibu hakutazama kioo, alimtazama mama yake.

Ngoma ikalia mpaka maji yakatetemeka.

Samaki waligeuka kwa mshtuko, wakakimbia, wakaja moja kwa moja mbele ya kioo, midomo wazi, wanadai chakula chao. Nyuma yao likafuata wingu zima la watoto, hakuna aliyeguswa.

"Wanataka kula!" Mitali akapiga kelele. "Mama, wape! Wape!"

Khiroda akawatilia chakula, anacheka na machozi yanamtoka. Nje Nitai akazidisha, na samaki wakazidi kudai. Habari ikatoka dirishani. Mara nyumba ikajaa watu na nguo zao mpya, sanamu ya Mama Durga imeachwa hemani pamoja na wanawe wanne. Gobordhon alikuja na sahani ya vitamu, akainama kugusa miguu ya Khiroda.

"Shangazi, nisamehe. Lakini ngoma italia kutwa siku zote hizi. Utawalisha kutwa?"

"Punje moja moja. Wewe shughulika na vitamu vyako."

Ngoma iliponyamaza kidogo ili Nitai anywe maji, sauti ikasikika kando ya tangi. Shibu alikuwa amechukua sufuria, anagonga taratibu kwa mwiko, uso karibu na kioo.

"Tazama, mama. Wananijia na mimi."

"Wape basi, usiwadanganye. Na friji yako?"

"Itakaa chumbani kwangu," alisema Shibu, na akaendelea kugonga.