Cherehani Mnadani

Binti yangu alirudi kutoka semina moja kule Nyegezi akiwa na macho ya mtu aliyeona nuru. Nilifurahi, maana mimi ni mtu wa kanisa na nuru naipenda. Kumbe mwalimu wa semina alikuwa amewaambia waachane na kazi za mazoea, na kwamba asiyekiachia chombo cha kazi ya zamani hatapokea kipya.

Chombo cha binti yangu ni cherehani. Ameshona nayo hapa Igogo tangu alipomaliza shule, na ndiyo inayolisha nyumba yake.

"Sasa utafanya kazi gani?" nikamwuliza.

"Nitaendesha semina, Mama."

"Utafundisha nini?"

"Kubadilika."

Sikubishana naye. Naamini Mungu hubadilisha watu, nimeyaona hayo hata kwa marehemu mume wangu, ila sijamwona akianza kwa kuwanyang'anya cherehani.

Jumapili akaileta kanisani kwa bajaji, akaitoa sadaka. Kwetu Walutheri, asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, mayai au jogoo, na baada ya ibada vitu hunadiwa hapo nje. Siku hiyo cherehani ilisimama kati ya ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Sadaka ikishatolewa hairudishwi. Niliikumbatia Biblia yangu, nikamwachia Mungu.

Walioshtuka zaidi ni akina mama wa kwaya. Sare zao za Pasaka alikuwa amezifikisha nusu.

"Mwanangu," mmoja akamwuliza, "gauni langu halina mikono. Nitaimba nimebadilika hivyo hivyo?"

Watu wakacheka. Fundi mmoja wa Buzuruga akataja bei, wale akina mama wakapandisha bei juu ya yake, huku wakinong'onezana na kufungua mafundo ya kanga. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akaita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ikawa yao.

Katika mnada wetu mnunuzi anaweza kumzawadia amtakaye kitu alichonunua. Kuku wengi hufika kwa mchungaji kwa njia hiyo. Mwenyekiti wa kwaya akaninyooshea kidole.

"Mpeni mama yake."

Nikamshukuru Mungu, kisha nikaita bajaji ileile.

Jumatatu asubuhi binti yangu akaja barazani kwangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Akaitazama cherehani kama mtu aliyekutana na jirani aliyegombana naye.

"Naweza kuitumia?"

"Ni yangu sasa. Malizia kwanza mikono ya sare, halafu ubadilike unavyotaka."

Akaketi, akaomba mafuta ya kuilainisha.

Hadi leo anashonea barazani kwangu. Semina nayo hakuiacha kabisa: huwashauri wateja wakati anawapima, wamesimama na mikono juu, hawawezi kukimbia. Wengi hurudi. Nadhani ni kwa sababu ya mishono.