Hema la Harusi Gosney

Miaka thelathini na mmoja Maureen Pobjoy alipeleka barua kwa miguu katika nyanda za chini za Somerset, Uingereza, na kila jina la kijiji na shamba alilijua kama jina la mwanawe. Muulize tu, utakoma! Penye "ey" mwishoni, watu wa kale walimaanisha kisiwa. Penye "mere", ziwa. "Wale hawakuwa wajinga," alizoea kusema. "Walitaja walichokiona."

Basi binti yake Tamsin alipochumbiwa, Maureen alitoa sharti moja: hema la harusi lisimame Gosney, yaani kisiwa cha bata bukini. Lo, walivyomcheka! Gosney ni malisho yenye matuta na miiba, na bukini hajaonekana hapo hata mmoja. Baba wa bwana harusi, Clive Hembrow, alikuwa na uwanja wake mzuri wa Longmere, kando ya mto.

"Kisiwa gani tena, mzazi mwenzangu? Mbona hata dimbwi hakuna!"

"Na Longmere yako ni ziwa refu. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

"Mama, unaniaibisha," Tamsin akanong'ona.

Neno hilo lilimchoma Maureen. "Nipe siku hii moja, mwanangu. Nikikosea, sitatamka tena jina la shamba maisha yangu yote."

Tamsin akakubali kwa shingo upande.

Ikanyesha siku nne mfululizo. Tuseme ukweli, hata Maureen aliingiwa na hofu. Alfajiri ya Jumamosi, siku ya harusi, mto ukafurika. Longmere ikawa ziwa refu kwelikweli, na Gosney ikabaki kavu katikati ya maji, hema lake limesimama.

Wageni waliletwa kwa trekta, viatu mkononi, chupa za pombe ya tufaha kwapani. Clive alifika amelowa hadi mapajani.

"Nimesalimu amri, mama! Haya, na jina la nyumba yangu lina maana gani?"

"Kunywa kwanza," Maureen akamjibu. "Habari mbaya hazina haraka."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Keki ilikuwa ikikatwa kelele ziliposikika angani. Bukini kama ishirini wakatua majini, wakapanda nyasini wakijitikisa, wenyeji kabisa.

Tamsin akaacha kisu, akakimbia na gauni lake kwenye matope, akamkumbatia mama yake huku akilia na kucheka.

"Nitajie mashamba, Mama," akasema. "Yote."