Nilisema Hapana Kitu

Wale vijana wawili wa kupima ardhi walinikuta bondeni mwezi wa nane. Mpunga umeshavunwa, mabua yameliwa na mbuzi, ardhi imepasuka nyufa za kuingia mguu. Wakaniamkia vizuri, nikaitika marahaba. Mmoja akauliza, "Bibi, hapa mnalima nini?"

Nikamjibu kama mama yangu alivyonifundisha kujibu. "Hapana kitu hapa, baba. Tunababaisha tu."

"Hamna mazao kabisa?"

"Majani tu, kama mnavyoona."

Akaandika. Nikawapa maji ya kunywa, wakaenda zao.

Asiye mtu wa kwetu atasema bibi huyu mwongo. Sikusema uongo. Kwetu mtu hasifii shamba lake mbele ya mgeni. Ukiulizwa mpunga umekubali, unasema hivyo hivyo tu. Ukiulizwa mjukuu amepona, unasema anajikongoja. Ukijisifu unaliita jicho la hasidi. Hata aliyejaza ghala mpaka mlango haufungi hujibu hana kitu, na aliyemuuliza anaelewa. Bonde lile alilima bibi yangu, akalima mama, nikalima mimi nikalea watoto sita, na katika sisi watatu hakuna aliyewahi kufungua kinywa akasema bonde lina mali.

Baada ya wiki chache tukaitwa mkutano wa kijiji. Masika mbili mfululizo mto ulikuwa umebeba nyumba za kitongoji cha chini, na wenyewe bado wanalala kwa ndugu, wengine darasani. Wilaya ikataka eneo la kupima viwanja vyao. Hilo halikuwa na mpinzani. Ubishi ulikuwa wapi: kilimani kwenye mikorosho ya wanaume, au bondeni kwetu wanawake.

Mtendaji wa kijiji, kijana mgeni aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, akasimama na karatasi akasoma: "Eneo la bondeni halina shughuli yoyote ya kilimo, kwa maelezo ya mtumiaji mwenyewe, mwanamke mzee aliyekutwa hapo."

Watu wote wakageuka kuniangalia. Nilihisi masikio yanawaka moto.

Mwenyekiti, ambaye kilimani kule hakuna anayemzidi mikorosho, akapiga viganja. "Basi limekwisha. Mwenyewe kasema hapana kitu."

Sikungoja kupewa ruhusa. "Mwenyekiti, mkeo analima jaruba la mpunga, la tatu kutoka langu. Ubwabwa uliokula jana ulitoka mkoroshoni?"

Wakacheka. Mtani wangu mmoja, mzee mwenzangu, akadakia kutoka mbele: "Kaa chini, bibi! Umeligawa bonde na maji ya kunywa juu yake, sasa unataka watu wakalale mikoroshoni kama tumbili?"

"Utumbili hujauanza leo," nikamjibu. "Hawa wamekimbia maji, wewe unawapeleka yanakolala. Masika utakwenda kuwatembelea na nini? Na ungo?"

Hapo alicheka hata yeye. Lakini mama mmoja wa kule chini, mtoto mgongoni, akasema bila kucheka, "Bibi, sisi tumechoka. Popote tutajenga."

Neno lile liliniuma kuliko la mwenyekiti. Mwenyekiti na wenzake wanajua mtu aliyechoka hachagui, ndiyo maana wakamsogezea tope.

Mtendaji akanikazia macho. "Bibi, jibu moja tu. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi kilichoandikwa ni sahihi."

"Sawa. Sasa muulize mwenyekiti, ufuta wake wa kule kilimani mwaka huu umemtokea vipi."

Kijana wa watu hakuelewa, akageuka akauliza kweli. Na mwenyekiti, ambaye kijiji kizima tuliona lori likilala upande kwa ufuta wake, akakohoa kidogo akasema, "Aa, hivyo hivyo tu. Hapana kitu."

Limeshamtoka. Mkutano ulilipuka, wazee walishikana mabega kwa kicheko.

"Andika!" nikapiga kelele. "Andika na hilo! Shamba la mwenyekiti halina kitu, nyumba zipelekwe huko!"

Wao walicheka. Mimi sikucheka. Mtendaji alikuwa ameshika kalamu tu, nikaona bado haandiki. Nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe. Nikataja. Nikasema mbele ya wanaume na watoto: magunia kumi na moja, mwaka uliopita, jaruba langu peke yake. Wanawake wenzangu wakajiziba midomo kwa kanga. Mmoja akaninong'oneza, "Dada, sema mashaallah basi," nikasema, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nilijiona kama niliyevuliwa nguo hadharani ili nihakikiwe kwamba mimi ni mtu. Hilo sijawasamehe mpaka leo.

Ndipo wenzangu wakaanza kusimama. Hakuna aliyetaja magunia. Kila mmoja alisema tu, "Na mimi nina jaruba kule," akakaa. Walisimama mpaka mtendaji akaacha kuhesabu, akasema wapimaji watarudi masika.

Kumbe kuna aliyenichukua video. Binti yangu aliyeolewa mjini, Rasbura, akanipigia. "Mama, unazunguka kwenye simu za watu unafoka! Unatutia aibu."

"Umekula mpunga ule mpaka ukaolewa," nikamwambia, "leo ndiyo unaona aibu?" Nikakata.

Masika wapimaji wakaja. Maji yalikuwa magotini na mpunga umeshika kijani. Mmoja alizama, akavuta mguu, buti likabaki chini. Viwanja vikapimwa kilimani, na mikorosho ya pembeni, ya mwenyekiti ikiwamo, ikaangushwa. Yule mama wa kule chini alipata kiwanja chenye jiwe, akaanza kupiga udongo wiki ile ile. Mwenyekiti tangu siku hiyo ananisalimia akiangalia pembeni.

Karatasi mpya ililetwa nyumbani niweke sahihi. Nimeishia darasa la nne, lakini kusoma najua, herufi kwa herufi. Mtendaji alisimama mlangoni jua likimchoma, anatazama saa.

"Hapa mmeandika 'kilimo cha mpunga, wananchi,'" nikasema. "Wananchi gani?"

"Si ni wananchi tu, bibi."

"Mwenyekiti hajawahi kukanyaga lile tope. Andika wanawake."

"Fomu haina nafasi ya hilo."

"Pembeni kuna nafasi. Andika pembeni."

Akaandika. Nikamwambia anisomee kwa sauti, akasoma. Ndipo nikashika kalamu yake, nikatia sahihi.