Alama za Penseli za Tarasaa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha Garsen, sikuruhusiwa kugusa hata chupa. Nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, cheti cha ufundi wa maabara kwenye bahasha, na hamu kubwa ya kutia jicho kwenye darubini. Msimamizi wa kituo, mzee mkavu wa maneno, akanipa penseli na karatasi, akaniketisha kwenye benchi la wajawazito.

"Tazama viganja," akasema. "Tazama ukope wa chini kwa ndani. Andika unachokiona: nyekundu, hafifu au nyeupe. Kupima baadaye."

"Lakini Mzee, si mashine ipo?"

"Ipo. Na wewe upo. Nataka kujua kila mmoja anasema nini."

Nilinuna mpaka saa sita. Kwake hiyo ilikuwa sheria: kadirio la macho huandikwa kwanza, kwa penseli, pembeni mwa ukurasa, ndipo namba ya mashine ifuate kwa wino. Vikipingana, unasimama hapo hapo mpaka ujue kwa nini. Niliona ni uzee tu, lakini nikashika.

Kwa msiojua, damu hubeba hewa kwa kitu kiitwacho hemoglobini, na mwili hauwezi kuitengeneza bila madini ya chuma. Kipimo cha hemoglobini cha mjamzito kikiwa chini ya kumi na moja, tunasema damu yake imepungua. Kikishuka chini ya saba, hapo ni mbio, kwa sababu hata damu kidogo atakayopoteza akijifungua yaweza kumwondoa. Ndiyo maana kliniki zote nchini hutoa vidonge vya chuma bure, na ndiyo maana mara kwa mara watu hupita nyumba kwa nyumba kupima, ijulikane vidonge vinasaidia au vinaozea kabatini.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa Bangale. Huko vidonge vilitoka vizuri sana kwenye daftari, lakini viganja vilibaki vyeupe. Sikuweza kutulia. Nikaenda mwenyewe kwenye maboma ya wafugaji, na mama mmoja wa Kiorma akameza kidonge chake mbele yangu kwa adabu zote, kwa chai nzito ya maziwa.

"Mama, na chai?"

"Sasa nameza na nini, daktari? Maji hii ya ng'ombe. Chai ndio ya mtu."

Chai hukifunga chuma tumboni, kikatoka kama kilivyoingia. Tulikuwa tumegawa vidonge miaka yote hiyo bila kuuliza vinamezwa na nini! Nilicheka, kisha nikakasirika, na hasira hiyo ilikaa nami mpaka nilipoondoka. Tulipatana na wale akina mama kwamba kidonge kimezwe kwa maji yaliyochemshwa na chai isubiri jua lipande. Wengine walikubali, wengine walinikubalia tu nisizidi kusema.

Niliporudishwa Garsen, Mzee alikuwa amestaafu, na uchunguzi wa damu wa taifa zima ukatufikia. Mratibu wake alikuwa bwana mmoja wa haraka, aliyeletwa kwa kazi hiyo tu. Mimi nikapewa kijiji cha Tarasaa, siku tatu. Fomu zake hazikuwa na nafasi ya kadirio la macho. Nikaandika pembeni hata hivyo, kwa penseli, maana mkono ulishazoea.

Sasa sikilizeni kosa langu. Damu ya kidole huingia kwenye kibamba kidogo cha plastiki chenye dawa, ndipo mashine ikaisoma. Vibamba hukaa kwenye mkebe, na mkebe lazima ufungwe kila unapotoa kimoja, kwa sababu unyevu huiharibu ile dawa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mratibu alikuwa akitazama saa kila nyumba. Kufungua na kufunga kukanichosha, nikawa nauacha mkebe wazi kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho.

Nyumba ya mwisho ya siku ya tatu ilikuwa ya Kadzo, mimba ya miezi minane. Kiganja chake kilikuwa cheupe kama unga. Nikaandika "nyeupe" pembeni. Mashine ikasema kumi na mbili na nusu.

"Damu yako ni nzuri," nikamwambia.

Mama mkwe wake akanikazia macho. "Nzuri vipi, mwanangu? Jana kaanguka kisimani na ndoo haijajaa."

"Mashine imesema hivyo, mama," nikamjibu, nikafunga mkoba.

Tulifika Garsen alasiri. Nikazipitia fomu na kuona nusu ya alama zangu zinapigana na namba. Nikajipima kwa mkebe ule ule: kumi na nane. Mimi maisha yangu sijawahi kupita kumi na mbili. Nikafungua mkebe mpya, nikajipima tena: kumi na moja na nusu.

Nilimweleza mratibu yote. Hakupandisha hata sauti.

"Fomu zinaondoka kesho asubuhi. Futa hizo alama, zinachafua karatasi."

Nami nikachukua raba, nikafuta. Nasema waziwazi ili msije mkaniita shujaa. Nilifuta fomu baada ya fomu, na vumbi la raba nikilipuliza, mpaka nikafika fomu ya Kadzo. Hapo mkono ulikataa. Nikamrudishia mratibu fomu zake, na kulipopambazuka nikapanda bodaboda kwenda Tarasaa na mkebe mpya.

Kadzo alikuwa na tano nukta nane. Nikawaambia ni hospitali ya Malindi, siku hiyo hiyo. Mama mkwe wake akaenda kufunga nguo za safari. Huko Malindi kakake Kadzo alitoa damu, na baada ya siku chache akazaliwa msichana.

Wale wengine niliwarudia kwa kumbukumbu tu, maana fomu zilikuwa zimekwenda na alama nimezifuta kwa mkono wangu. Nyumba moja niliikuta imefungwa, mto umefurika, wenyewe wamehama. Jina la mama niliyempima hapo silikumbuki. Nakumbuka leso ya buluu na kiganja cheupe. Nikawaandikia wakubwa wa mratibu kosa langu lote na kutia sahihi, namba za siku zile tatu zikaondolewa, nami nikapata barua ya onyo. Nilistahili.

Sasa nimestaafu, nakaa Garsen karibu na stendi ya mabasi. Vijana wanaopima leo hunitembelea, nami kabla hata ya salamu nautazama mkebe wao kama umefungwa. Kadzo huja pia siku za soko, na mchele na binti yake, ambaye sasa amenipita kimo. Hunishukuru, nami moyo hunichoma kila anaposhukuru.

"Kaa basi, mama," Kadzo huniambia. "Kazi imekwisha."

Nakaa. Basi la Malindi likisimama na mwanamke mwenye leso ya buluu akashuka, nainuka.