Jino Tulilomvunja Sajini

Siku niliyoanza kazi tulikuwa watu wanne katika chumba cha meno pale Thika: Daktari, Kalasinga mrefu wa maneno machache; mkewe, aliyeandika majina ya wagonjwa; mgonjwa, karani wa kiwanda kimoja, aliyeketi kitini mdomo wazi; na mimi, Mueni, nimeshika ufagio. Niliajiriwa kufagia. Lakini keekee ya kutoboa meno wakati ule iliendeshwa kwa mguu, kama cherehani, na goti la Daktari lilikuwa linamuuma.

"Wewe, weka fagio chini," aliniambia. "Kuja kanyaga."

Nikakanyaga. Nilikanyaga miaka minne kabla mtu hajaniuliza kama najua kusoma.

Nilijua kidogo. Wazazi wetu walifariki mmoja baada ya mwingine, nikaacha shule darasa la nne ili wadogo zangu watatu wapate kula. Kioko, anayenifuata, ndiye aliyekuwa na kichwa cha masomo. Alipomaliza darasa la nane nilimwomba Daktari amfundishe. Alimchukua pamoja na kijana mwingine, Wanjohi, wasome miaka mitatu kisha wafanye mtihani wa serikali wa wasaidizi wa meno. Waafrika waliopata nafasi kama hiyo miaka ile ya hamsini walikuwa wachache mno.

Walijifunza kusaga zebaki na unga wa fedha katika kinu kidogo mpaka mchanganyiko uwe laini wa kuzibia tundu. Walijifunza kupima mdomo kwa plasta, yaani unga wa jasi, ambayo hukorogwa na maji, huwekwa katika kijisahani cha bati, na kushikizwa menoni hadi igande. Hivyo ndivyo tulivyopata chapa ya kutengenezea meno ya bandia.

Walipoingia mwaka wa mwisho, Kapteni wa meno wa jeshi alipiga kambi Ruiru, akatangaza kwamba anataka vijana waliokwisha kuanza kujifunza kazi hii. Tangu siku hiyo sikupata amani. Mchanganyiko wa zebaki uliganda kinuni huku Kioko akipanga vyeo. Nilisikia habari za viatu vya jeshi asubuhi, mchana na wakati wa kufunga.

"Jeshini unapewa nguo, chakula na cheo," Kioko alisema. "Hapa napewa nini?"

"Hapa unapewa kazi usiyoijua bado," nilimjibu.

Wanjohi alicheka. Yeye alikuwa Mkikuyu, na hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ikiwashuku Wakikuyu wote kuwa waasi. "Mimi mniache nje ya hayo. Jeshi halitaki niingie, lakini kila juma linakuja kwetu kunihesabu."

Nilimwendea Daktari amkataze Kioko. Hakuinua hata macho. "Yeye nataka kwenda, mimi hapana funga mlango. Lakini mtihani hapana ngoja yeye."

Nilimsihi Kioko miezi mitatu. Nilimweleza kwamba msaidizi wa meno aliyekatiza masomo ni mtu wa kubeba ndoo tu, popote atakapokuwa. Siku moja alinitazama akasema, "Dada, wewe ulikanyaga ile mashine miaka minne. Mimi unataka nikanyage mingapi?"

Kapteni alipomwita Ruiru Jumamosi moja akapimwe uwezo, nilipanda treni pamoja naye. Nilitaka Kapteni asikie kutoka kinywani mwangu kwamba huyu hajamaliza.

Sikupata nafasi ya kusema. Tulikuta Sajini mmoja ameketishwa kitini, Mkamba mwenzetu, mtu mzima, meno yake ya mbele yamechongwa yakawa na ncha kwa desturi ya zamani. Kapteni aliangalia saa. "Haya, kijana. Nipe chapa ya mdomo huu."

Plasta huwekewa chumvi kidogo ili igande upesi. Kule kwetu Daktari alikuwa akichukua ya kushikwa kwa vidole viwili. Kioko, kwa kutaka Kapteni auone wepesi wake, alitia kijiko kizima. Tena meno yaliyochongwa yana nafasi pana katikati. Plasta iliingia humo ikaganda kama jiwe. Alipovuta, kichwa cha Sajini kilikuja nayo. Alivuta tena. Machozi yalimtoka Sajini, mikono yake ikiwa juu ya magoti, wala hakutoa sauti.

Kioko akageuka kunitazama.

Niliomba kisu kidogo na nyundo, kama nilivyowahi kumwona Daktari akifanya. Nilikata mfereji katikati ya plasta, nikaigonga ipasuke, nikatoa kipande kimoja kimoja. Kipande cha mwisho kilitoka na jino moja la mbele, la juu, limekatika karibu na ufizi.

Nilidhani tutafukuzwa. Kapteni alicheka. "Ana haraka, lakini hapa si kosa. Midomo ya kujifunzia ninayo tele, na askari halalamiki. Njoo Jumatatu uandikwe." Akamgeukia mgonjwa. "Au siyo, Sajini?"

Sajini alitema damu, akasimama wima. "Ndiyo, afande."

Kioko aliosha bakuli la plasta, akaliosha tena, ingawa lilikuwa safi. Kisha akasema, "Sitakuja, bwana."

"Kwa nini?"

"Sijamaliza kujifunza."

Yalikuwa maneno yangu yale yale ya miezi mitatu, naye aliyatamka kana kwamba ameyaokota hapo hapo sakafuni.

Tukitoka, Sajini alitufuata mpaka langoni. "Sasa mimi jino nitalipata wapi?"

"Nitakutengenezea mimi," Kioko alisema.

"Umalize kwanza kujifunza. Sitaki kujaribiwa mara mbili."

Vile vipande vya plasta nilikuwa nimevifunga katika leso. Kioko alivipanga, akaviunga kwa nta, akapata chapa kamili. Alifaulu mtihani mwaka uliofuata. Jino la kwanza alilotengeneza akiwa na cheti lilikuwa la Sajini, lenye ncha kama meno yake mengine. Tulipoiandikia kambi kuhusu jino hilo, tulijibiwa kwamba kikosi chake kimehamishwa. Hawakusema wapi.

Mimi baadaye nilihamia zahanati ya shamba la kahawa Ruiru, chini ya Sista mmoja mkali, kisha hospitali ya serikali Thika, nilikostaafu. Kioko naye amestaafu. Wanafunzi wa meno huja kutuuliza kama jeshi ni njia nzuri ya kazi, na kabla sijafungua mdomo wanauliza habari za nyumba na cheo. Huwa nawauliza kama mgonjwa wao ataweza kuwaambia hapana. Wengi hudhani sijalielewa swali lao.

Tumemuulizia Sajini katika kambi nne na kwa wastaafu wengi. Jino liko kwa Kioko, limefungwa katika pamba. Mwenyewe, kama yu hai, ana pengo la mbele, na sisi bado hatujamlipa.