Siumwi, ila Nisile Wali

Walionifikisha hapa nawajua: mume wangu, dada yake, na nesi mmoja aliyeniambia ukweli. Ndiyo, na nesi namtia humo.

Nilikwenda zahanati, hapa Mapinga, kwa ajili ya kizunguzungu. Nesi alikuwa binti mdogo, kaniamkia vizuri, kanitoboa kidole, kasoma kimashine chake.

"Mama, kisukari huna bado. Ila sukari imeanza kupanda. Punguza wali, acha sukari kwenye chai, na utembee kila siku."

"Kwa hiyo naumwa?"

"Bado."

"Basi siumwi."

"Huumwi, mama, ila unaelekea huko. Ukijitunza sasa hivi unaweza usifike."

Shule sikufika mbali, lakini Kiswahili nimezaliwa nacho, na jambo lile sikulielewa. Mtu ama anaumwa ama ni mzima. Nilichoelewa ni kwamba naweza nisifike, na hilo nililitaka kwa moyo wote, maana mama yangu kafa kwa sukari, macho hayaoni.

Mume wangu akauliza nesi kasemaje.

"Kasema siumwi, ila nisile wali."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na mimi siumwi, kwa hiyo nikatazwe nini, pumzi?"

"Na kasema nitembee."

Hapo kicheko kikakatika. "Utembee na nani?"

Nikamwambia kutembea kwa miguu, baba, barabarani, asubuhi. Akasema mke wake haendi barabarani asubuhi bila pa kwenda, watu wana midomo. Nikafanya ujanja, nikabeba ndoo tupu ili nionekane nafuata maji. Majirani wakaniona, wakadhani bomba limetoa, wakachukua ndoo zao wakanifuata. Bomba kavu. Nilivyotukanwa siku ile sikurudia.

Jikoni ndiyo kabisa. Wifi yangu alikuja kuishi kwetu alipoachika, na jiko likawa lake. Chai anaipika birika moja, sukari anaitia humohumo inapochemka. Nikamwomba anitolee yangu kabla hajatia.

"Ungekuwa mgonjwa ningekupikia yako, wallahi, na uji ningekunywesha kwa kijiko. Lakini mzima mwenzangu? Unaniogopa nini wifi, nimekutilia kitu?"

Mtu akishasema hivyo utafanyaje? Nikanywa mbele yake. Kila kikombe kikawa kama naapa kwamba simdhanii uchawi. Ikaja hitima ya mama mkwe, nikachota wali kidogo, wanawake wa sinia yangu wakaacha kula wakanitazama. Mmoja akasema, "Mke wa mtu anaringia hitima ya mkwewe." Nikala mpaka wakaridhika.

Na hapo ndipo sielewi. Nani alikosea? Wifi hakuwa na chuki. Mume aliogopa aibu. Nesi naye angenidanganya tu, angesema naumwa, wangenihurumia mapema. Alinipa maneno ya kweli ambayo nyumbani kwetu hayana pa kukaa.

Baadaye nikaanguka uwani nikianua nguo. Nilizinduka hospitali, Bagamoyo mjini, daktari akasema kisukari sasa ninacho. Mume wangu akainamisha kichwa. Wifi akalia kwa sauti, mpaka wagonjwa wengine wakampa pole yeye.

Sasa naishi kama malkia. Chai yangu inachemshwa peke yake. Kwenye shughuli wifi ananitangulia na kutangaza, "Huyu mgonjwa, msimpe wali," na watu wanasogea nikae. Mume ananishika mkono asubuhi, tunakwenda mpaka karibu na barabara kuu, anamwambia kila tunayekutana naye, "Nampeleka mgonjwa anyooshe miguu." Nao wanamsifu.

Lakini nyayo zinawaka moto, na jicho la kushoto lina ukungu. Nilimuuliza wifi, mbona wakati ule hukunifanyia hivi?

"Wakati ule ulikuwa huumwi," akanijibu, na alishangaa kweli kwamba nauliza.

Juzi miguu iliniuma sana. Akanikanda kwa mafuta ya nazi, taratibu, mpaka nikasinzia huku namchukia na kumwombea dua, vyote kwa pamoja, na sijui Mungu alipokea kipi.