Jicho Alilotiwa Kitabuni

Wanaonijua husema mimi ni bingwa wa ndoto za mchana, kwa hiyo najua utakachosema. Sema tu. Lakini haya hayakuwa ndoto. Ilikuwa saa kumi jioni, Greenbelt, huku ughaibuni, theluji inaanguka, na mimi nimesimama jikoni nasaga vidonge vya mzee nivichanganye na tufaha lililopondwa. Mtu anayeota hapondi tufaha.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mzee niliyekuwa naye majira yale aliandika riwaya na habari za magazeti, na alikuwa mmoja wa wale wanaoandika ili watu wakasirike. Barua za matusi alizotumiwa na wasomaji alizitia kwenye fremu, akazitundika chooni. Alinionyesha siku ya kwanza, kama wengine wanavyokuonyesha picha za wajukuu.

Mimi niliishia kidato cha nne, ila naandika visa kwenye simu tangu nikiwa Singida. Nilimtafsiria mzee kimoja kwa Kiingereza changu cha kuombea kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kimejaa sukari. Akanishauri nitafute mtu ninayempenda, mwenye siri, niiandike siri hiyo. Akilia, alisema, ujue umeandika.

Mtu niliyempenda alikuwa dada Zuhura. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, akanilaza kwenye kitanda chake kule Beltsville, yeye akalala kwenye sofa miezi minne bila kununa hata siku moja, hadi tulipopanga pamoja nyumba ya vyumba viwili. Siku tuliyokuwa tunakaanga maandazi aliniambia jambo. Yule kijana aliyemwacha kwetu, anayemwita mdogo wake, ni mwanawe wa kumzaa. Mchumba wake, Mkongo mmoja mpole anayefanya kazi ya ulinzi Sterling, hakujua. Zuhura alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe.

Nikakiandika kisa, nikamtafsiria mzee. Jina nilibadilisha, na ili asijulikane nikamtia kilema, mguu wa kushoto anaouburuta. Nilijiona nina akili sana. Nikakituma kwa msimamizi wa ukurasa wa visa unaosomwa na Waswahili wa huku, akanijibu kwamba atakitoa Jumamosi jioni. Siku ninayokusimulia ilikuwa Alhamisi.

Basi nikasikia hodi. Sauti ya mwanamke, ya kwetu kabisa. Huku watu hubonyeza kengele, au huacha boksi mlangoni wakaenda zao. Ni lini mara ya mwisho niliposikia hodi? Moyo ulinirukaruka kwa furaha, na kinywa kikajibu chenyewe, "Karibu, karibu ndani," ilhali bado niko jikoni.

Kosa langu umeliona. Kwetu, hodi ya kwanza ya mtu usiyemwona huiitikii. Unasubiri ya pili, maana asiye mtu hupiga moja tu. Ugenini nilisahau.

Nilipotokeza sebuleni alikuwa ameshasimama juu ya zulia. Mlango umefungwa, mnyororo wake uko palepale. Alivaa khanga mbili na kandambili, hana hata tone la maji mwilini, na jicho lake la kulia lilikuwa jeupe kama yai lililomenywa. Mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti chake. Miguu yangu ilitaka kukimbia, lakini malezi yakatangulia. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaninyooshea kidole kitabu cha mzee cha bluu rafuni, akaniomba nimsomee ukurasa uliokunjwa pembe.

Nikaufungua. Ulikuwa ukimhusu mwanamke wa mji mdogo wa kwetu, anayempikia mwandishi mgeni, na mambo yaliyoandikwa humo juu ya mwanamke yule, niamini, usingependa mama yako ayasikie. Ati alimzika mwanawe macho makavu, ati mtoto wenyewe hakuwa wa mumewe. Nikamwonea huruma. Nikatafsiri kwa kulainisha, nikasema ameandikwa kuwa mpishi hodari mwenye upendo.

"Mwanangu," akasema, "usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Soma kilichopo."

Nikasoma kilichopo. Hakulia. Akaniambia kwamba siku alipomsimulia habari hizo alilia mpaka chai ikapoa, na huyu mzee, wakati huo ana nywele zake, akawa anaandika tu.

"Nilimwambia kwa sababu alikuwa mgeni," akasema. "Mgeni hupita. Kitabu kilipofika mjini, mwalimu alikisoma sokoni. Mume wangu alikuwa pale ananunua chumvi."

Nikauliza, na sijui kwa nini niliuliza hilo, jicho lilipatwa na nini.

"Sikuwa na jicho bovu. Alinitia yeye, nihurumiwe na wasomaji. Likaanza kufifia mwaka uleule. Nimezikwa nalo." Kisha akanitazama na lile zima. "Wako umemtia nini?"

Kitabu kikaniponyoka. Angejuaje?

"Kifute," akasema. Nikainama kukiokota kitabu, na nilipoinuka zulia lilikuwa tupu.

Mzee alikuwa macho. Alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba neno lile, hodi, analisikia mlangoni miaka mingi, na hakujua linajibiwaje. Nikamwambia linajibiwa karibu, na kwamba mgeni ametaka nikifute kisa changu. Halafu uso ukarudi kuwa wake wa siku zote. Akasema kitabu kile ndicho kilichompa jina, na kwamba nisithubutu kukifuta changu, maana ndicho cha kwanza chenye damu.

Nilikuwa na siku mbili nzima. Ujumbe mmoja tu ungetosha: kaka, usikitoe. Niliuandika mara tatu kwenye simu, na mara tatu nikaufuta. Nilitaka nisomwe. Huo ndio ukweli wangu, mchungu kuliko mwarobaini.

Jumamosi kikatoka. Waswahili wakakisambaza, na mguu haukumdanganya mtu. Nani mwingine alilala kwenye sofa miezi minne, kama nilivyoandika? Mchumba alirudisha ufunguo wa nyumba ndani ya bahasha. Zuhura hakunitukana. Alikuja chumbani, simu mkononi, akaniuliza, "Mdogo wangu, ungeniambia unahitaji kisa, si ningekupa kingine?" Akafungasha. Kwenye ngazi za nje, juu ya barafu, nikamwona anateleza.

Madaktari wamempiga picha mara mbili. Mfupa, wanasema, ni mzima. Lakini anauburuta mpaka leo, wa kushoto. Tukikutana dukani hunisalimia kwa adabu na kupita, na mimi husimama kati ya mifuko ya unga nikisikiliza kandambili yake ikikwaruza sakafu. Kisa nimeshakifuta. Mguu haukufutika.

Kazi ile niliiacha. Hodi siku hizi siitikii mpaka nimeona uso. Lakini onyo langu kwako si la mlangoni. Mtu akikumegea siri yake jikoni, na wewe una kalamu, kabla hujamtia jicho, au mguu, au chozi, msomee kwanza, yeye kabla ya wote. Zuhura alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati. Sikumsomea.